Roller derby: ligi ambayo wachezaji ndio hulipa, na ndio wenye mali

Kama umewahi kupita Sunken Car Park, Nairobi, siku ya Jumapili, umeona vijana wakiteleza na viatu vya magurudumu. Sasa chukua watu kumi juu ya magurudumu hayo, wavishe helmeti na pedi za magoti, waambie wasukumane mabega wakizunguka uwanja wenye umbo la yai. Huo ndio mchezo wa roller derby.

Kila timu huingiza watano. Mmoja ana nyota kwenye helmeti: akishapenya kundi mara ya kwanza, kila mpinzani anayempita baadaye ni pointi. Wengine wanne kazi yao ni kumziba mwenye nyota wa upande ule. Kupiga kiwiko ni marufuku. Ukikosea, unakaa nje sekunde 30.

Lakini mimi kilichonivutia ni pesa (samahani, ndiyo kazi yangu).

Mchezo huu ulianza Marekani miaka ya 1930, ukafifia, kisha wanawake wa Austin, Texas, wakaufufua mwaka 2001. Mwanzoni wamiliki walikuwa wachache. Wengine walifanya mazoezi, wakaanguka, wakavunjika, lakini uamuzi haukuwa wao. Mwaka 2003 wengi wakatoka na kuanzisha Texas Rollergirls, ligi inayoendeshwa na wachezaji wenyewe. Hawakungoja uwanja ghali wa mbao. Walichora njia kwenye sakafu ya kawaida. Mwaka uliofuata ligi za aina hiyo zikaanza kuungana, na hapo ndipo likazaliwa shirikisho la WFTDA, ambalo leo lina ligi katika nchi nyingi.

Mshahara kwa kawaida hakuna. Mchezaji hulipa ada ya kila mwezi, hasa ya kukodi ukumbi, halafu anapangiwa kazi: kuuza tiketi, kupanga viti, kutunza hesabu. Viongozi huchaguliwa kwa kura. Mwili mnene una kazi yake na mwembamba una yake, na shirikisho linakaribisha wazi hata wanawake waliobadili jinsia. Yaani ni chama kabisa, ila chama chenye michubuko.

Chama chetu sisi hakikuwa na magurudumu, na bado tulianguka. Tulikuwa 14, kila mmoja 500 kwa mwezi, tunatuma kwa laini ya mweka hazina. Dada wa watu hakuiba hata shilingi. Shida ni kwamba alikuwa na deni la mkopo wa simu, na michango ilipoingia tu, mfumo ukajikatia chake. Tulikaa jioni nzima tukihesabu meseji, yeye analia, sisi hatujui tumtazame wapi.

Kwa hivyo kabla hujatuma mchango ujao, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ni la kikundi au la mtu? Kama ni la mtu, hata awe mwaminifu vipi, pesa yenu inalala pamoja na madeni yake. Fungueni paybill au till ya kikundi. Kwenye paybill, sehemu ya akaunti andika jina lako, ili mchango usiulizwe ni wa nani. Pesa isitoke mpaka watu wawili au watatu waidhinishe, na kila mmoja akae na PIN yake. PIN ya pamoja si PIN. Taarifa ya akaunti iwekwe kwenye grupu tarehe ile ile kila mwezi, hata kama hakuna aliyeiulizia.

Sisi tulihamia paybill. Mweka hazina sasa ni mimi, kwa kura, ingawa sikugombea. Taarifa ya mwezi huu niliituma saa mbili usiku. Kufikia saa mbili na dakika tano, mtu alikuwa tayari ameuliza makato ya kutoa pesa yalienda wapi.