Kutia Nanga Katika Ghuba ya Mchanga

Watu wengi hudhani kwamba chombo huzuiwa na uzito wa nanga. Sivyo. Nanga hushika kwa kucha zake zizamazo mchangani, nazo hazizami ila kamba ikivuta kwa kulala. Kamba fupi huivuta kwenda juu, ikang'oka kama jembe liinuliwapo kwa mpini.

Nahodha wa mashua ya tanga aingiapo katika mojawapo ya ghuba za mchanga za pwani ya Kenya hupima kina kwa bildi, akachagua mahali peupe pasipo majani wala matumbawe. Huelekeza omo kwenye upepo, hutua tanga, na chombo kikiisha kusimama hushusha nanga polepole. Kuitupa pamoja na kamba yote huifanya kamba ijizonge kwenye kucha. Kisha chombo hurudi nyuma, naye hulegeza kamba kidogo kidogo.

Je, kamba kiasi gani? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hupima maji yalivyo saa ile. Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda futi 10 na zaidi. Aliyetia nanga maji yakiwa yamekupwa, kina futi 12, baada ya saa 6 hivi atakuwa juu ya futi 22; na omo ikiwa futi 3 juu ya maji, jumla ni 25. Kamba yataka mara 7 ya hizo, yaani futi 175. Mnyororo mtupu, mara 5.

Halafu hutazama ubavuni alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja, kama mnazi na nyumba. Zikiachana na upepo haukugeuka, nanga yakokota, naye hulegeza kamba zaidi mara moja.