Barabara ya Mshindi Hufuata Mali

Mwaka 106 jeshi la Kaisari Trajan wa Roma lilikamilisha kuiteka Dacia, nchi ya milima yenye dhahabu ambayo leo ni sehemu ya Romania. Miaka miwili tu baadaye, kando ya barabara mpya kutoka Potaissa hadi Napoca, palisimikwa jiwe lililochongwa umbali wake: hatua 10,000. Mshindi alianza na njia ya kubebea mali.

Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania wanaijua hadithi ya namna hiyo. Wapagazi wao walikwisha kukanyaga njia za nchi hii muda mrefu kabla ya mgeni. Mwingereza Speke alipolitafuta ziwa tunaloliita leo Victoria mwaka 1858, alitoka Tabora akafika Mwanza kwa njia za wenyeji. Kisha Wajerumani wakatandika reli kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza tawi kupitia Shinyanga, likafika Mwanza 1928. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilitoka kwenye pamba. Mkulima alilima, treni ikabeba, meli ikapakia.

Tazama ramani ya reli hiyo: inaunganisha shamba na bandari. Jirani na jirani haikuwaunganisha. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, lakini aliyetoka Geita au Sengerema kupeleka mgonjwa Mwanza aliendelea kusubiri kivuko cha ziwa pale Busisi, usiku na mchana, kwa miongo mingi.

Ndiyo maana Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, lina uzito mkubwa kuliko kilomita zake 3. Sasa kutoka Busisi hadi Kigongo, ng'ambo ya upande wa Mwanza, ni mwendo wa dakika chache. Hapa njia imefuata watu.

Warumi waliiacha Dacia katika karne ya 3. Mji wa Napoca upo hadi leo, ukiitwa Cluj-Napoca. Mshindi huondoka, njia hubaki, na waliobaki ndio huamua ibebe nini. Reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka inajengwa katika nchi hiyohiyo ya Wasukuma. Tuipime kwa kipimo kimoja: mkulima wa mpunga wa Shinyanga atapakia gunia lake kituo gani, na atarudi nyumbani na nini?