Spika ya Kuazima Iliponitokea Puani

Nusura nikosane na mshikaji wangu wa tangu utotoni. Aliniazima spika yake kwa ajili ya bethidei ya dada yangu, nami kwa kupenda sifa nikafungulia muziki hadi mwisho. Saa nne usiku ikaanza kukoroma, ikanuka kuungua, halafu kimya!

Fundi alipoifungua akanipa somo. Nyuma ya ile karatasi ngumu ya duara kuna waya mwembamba uliozungushwa, umekaa kwenye upenyo wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, waya nao unageuka sumaku: mara unavutwa, mara unasukumwa, kadiri umeme unavyobadili mwelekeo. Karatasi inatikisika nao, inasukuma hewa hadi masikioni. Ikitikisika mara 50 kwa sekunde, hiyo ni besi. Mara 5,000, ni ile sauti kali. Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg ndio walioitengeneza vizuri spika ya aina hii mwaka 1925.

"Umeme ukizidi, waya unachemka, unaungua," akasema. "Ukisikia inakoroma, punguza, dogo."

Waya mpya nimelipia mimi. Mshikaji kanisamehe, ila spika ndiyo haazimishi mtu tena!