Ya Slesi Ngapi? Tuzifahamu Mashine za CT

Leo nimeona heri tuziweke ngeli kando kidogo, tuzungumzie mashine ambayo sisi wakazi wa Nakuru huisikia kila ajali itokeapo huko Salgaa au Sachangwan. "Amepelekwa CT," watu husema, na mazungumzo huishia hapo. Siku hizi limezuka swali jingine: "Ya slesi ngapi?" Utadhani ni mkate wa dukani! Ati ya 128 lazima iishinde ya 16. Je, ni kweli?

Eksirei ya kawaida hupiga picha kutoka upande mmoja, hivyo mifupa hufunika yaliyo nyuma yake. CT hutumia mionzi iyo hiyo, lakini huizungusha kando ya mwili wote, kisha tarakilishi hupiga hesabu na kutoa picha za vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa ukaonekana ndani. Hesabu hizo zilishughulikiwa mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, naye Godfrey Hounsfield wa Uingereza akaiunda mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo mjini London mwaka wa 1971, na mwaka wa 1979 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mashine za mwanzo zilikuwa goigoi ajabu. Pete ilizunguka, ikasimama, ikarudi nyuma kwa sababu ya nyaya zake, kitanda kikasogezwa, ndipo ikaanza tena. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja zinazozunguka bila kusimama huku kitanda kikiteleza taratibu. Mwaka wa 1998 zikatokea za kukata slesi 4 kwa mzunguko mmoja, baadaye 16, na mwaka wa 2004 zikafika 64. Zipo hata za 320. Basi idadi ya slesi hutueleza hasa mashine inameza sehemu pana kiasi gani kwa mzunguko mmoja. Ukali wa macho yake ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi hupotea.

Chukua moyo. Hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na hauwezi kuambiwa "tulia kidogo". Ukitaka kuona mishipa yake bila ukungu, madaktari hutaka mashine ya 64 au zaidi. Ya 320 humaliza moyo wote kwa pigo moja. Lakini kichwa, jameni, hakidundi.

Mjomba wangu alipoanguka na bodaboda kwenye barabara ya Njoro, jamaa walianza kuchanga pesa papo hapo apelekwe Nairobi kwa "mashine kubwa". Hizo ni kilomita 160 hivi, na msongamano wa magari waujua mwenyewe. Daktari alikataa katakata. Ya slesi 16 iliyokuwa pale pale ilitosha, alisema, kwani damu mbichi ndani ya fuvu huonekana nyeupe pichani, na ikizidi kukusanyika huufinya ubongo. Kupiga picha hakukumaliza hata dakika moja. Damu ikaonekana, akapasuliwa usiku uo huo.

Kuna aina mpya iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2021, ambayo huhesabu chembe za mionzi moja moja. Hiyo ndiyo yenye macho makali kweli kweli, tena yaweza kutumia mionzi michache. Na mionzi si ya kupuuzwa: CT moja ya kifua yaweza kutoa mara 70 hivi ya eksirei ya kifua. Mama mjamzito na aseme mapema. Vilevile, kabla ya kudungwa dawa ya kuonyesha mishipa, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhurika na dawa hiyo, amwarifu daktari. Kwa kutafuta damu kichwani baada ya ajali, dawa hiyo kwa kawaida haihitajiki.