Nadharia zilizoangushwa na sekunde mbili

Ukirusha chungwa juu, litapanda likipunguza mwendo, kisha lirudi mkononi. Je, lingezidi kwenda mbio kuelekea mawinguni? Bila shaka ungedhani umerogwa.

Hayo ndiyo yaliyowapata wanasayansi mwaka wa 1998. Walijua kwamba ulimwengu unatanuka, na kwa kuwa galaksi, yaani yale makundi ya mabilioni ya nyota, huvutana, walitarajia mwendo huo uwe ukipungua. Lakini makundi mawili ya watafiti yaliyopima mwanga wa nyota zilizolipuka mbali sana yaligundua kinyume chake: kasi inazidi!

Wengi walisema kuna nishati ya giza, kitu kisichoonekana kinachozitenganisha galaksi. Kulingana na hesabu zao, ni karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. La hasha, wakajibu wengine, kasoro imo katika kanuni za uvutano alizotunga Albert Einstein mwaka wa 1915. Wakaandika zao, nyingi ajabu, na kila moja ilionekana kujibu swali.

Utamjuaje mkweli? Nadharia haipigiwi kura. Ilibidi kungoja ushahidi kutoka angani, nao uliwasili Agosti 17, 2017. Siku hiyo mitambo ya LIGO nchini Marekani na Virgo huko Italia ilinasa mawimbi ya uvutano kutoka kwa nyota mbili zilizokufa, ndogo lakini nzito kupindukia, zilizogongana. Sekunde 1.7 baadaye, setilaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miale ya gama.

Sasa sikiliza, msomaji. Mgongano huo ulitokea yapata miaka milioni 130 iliyopita, katika galaksi iitwayo NGC 4993. Mawimbi na miale vilikimbia muda huo wote bega kwa bega, vikafika bila kupishana hata sekunde mbili! Kasi yao ni moja, jinsi Einstein alivyobashiri. Nadharia nyingi za wapinzani wake zilidai kasi hizo zitofautiane. Zikatupwa kapuni.

Zipo zilizoponyoka, na hata nishati ya giza yenyewe haijatulia. Machi 2025, watafiti wa mradi wa DESI, wanaotumia darubini iliyoko Arizona, walitangaza vipimo vya karibu galaksi milioni 15. Vikiunganishwa na vipimo vingine, vinadokeza kwamba nishati hiyo huenda inapungua nguvu. Ni dalili tu, haijathibitishwa. Darubini ya Euclid, iliyorushwa angani Julai 2023, ingali inapiga picha za galaksi zitakazosaidia kulikagua jambo hilo.