Je, Wajua? Swichi Isiyoitikia "Kamwene"

Iringa ukimwamkia mtu "kamwene" akanyamaza, hukimbilii kuchonga jeneza. Kwanza unajiuliza kama amekusikia. Swichi ya mtandao, kile kisanduku chenye safu ya matundu kinachounganisha kompyuta za ofisi, shule au hospitali, nayo ichukulie hivyo hivyo. Yasome haya kabla hujaifunga kwenye mfuko wa rambo na kupanda nayo gari kutoka Tosamaganga kwenda kwa fundi Iringa mjini.

Je, wajua swichi na kompyuta huamkiana kabla ya kuzungumza? Ukichomeka waya, kila upande hutuma mapigo madogo ya umeme, fungu moja kila milisekunde 16 hivi, ukitaja kasi unayoiweza. Wakielewana, taa ya tundu huwaka. Isipowaka, salamu haijafika: kagua waya, kichwa chake na tundu lenyewe. Mipangilio ya kompyuta iache kwanza.

Je, wajua plagi ya miguu mitatu tunayotumia Tanzania ina fyuzi ndani yake? Fyuzi ikikatika, taa zote za swichi huzima na kisanduku kizima huonekana maiti. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Simu ikichaji, soketi ni nzima; sasa fungua plagi.

Je, wajua adapta za volti 5, 9 na 12 zinaweza kuwa na pini inayoingia tundu lile lile? Mtu akiazima adapta ya ruta kwa dakika mbili, akarudisha nyingine, swichi hulala au huungua. Soma maandishi ya ubavuni: volti zilingane, ampea zisipungue, na chanya na hasi zikae upande ule ule.

Je, wajua swichi iliyochoka hujionyesha kwa uvimbe? Ndani yake mna kapasita, vikopo vidogo vyenye kifuniko bapa. Kikopo kikizeeka, kifuniko huumuka kama andazi, na pengine majimaji ya kahawia huvuja chini. Swichi ya hivyo huwaka na kuzima yenyewe, au hukataa kuwaka ikiwa baridi. Usiifungue ikiwa kwenye umeme. Hata ukiuchomoa, kapasita huweza kubaki na chaji kwa muda.

Je, wajua kituo kidogo cha umeme wa maji cha Tosamaganga, kilichojengwa mwaka 1951, kina umri mkubwa kuliko Ethernet? Wazo la Ethernet liliandikwa na Robert Metcalfe katika maabara ya Xerox, California, tarehe 22 Mei 1973. Swichi yenyewe ilikuja baadaye zaidi: kampuni ya Kalpana ilitoa ya kwanza ya Ethernet mwaka 1990, ikiwa na matundu saba.

Je, wajua waya wa shaba wa mtandao una mwisho wa mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira? Ukiuvuta kutoka jengo la utawala hadi bweni la mbali, huenda ukafanya kazi asubuhi na kugoma mchana. Na huku nyanda za juu, masika yakiingia na radi zake, waya wa shaba kati ya majengo mawili huingiza mshtuko hadi ndani ya swichi. Ukikuta matundu mawili matatu yamekufa na mengine yanadunda, jikumbushe mvua ya jana. Kati ya jengo na jengo, faiba ni salama zaidi: ni kioo, na kioo hakipitishi umeme.

Je, wajua uzi mmoja kati ya nane ukikatika, huenda mtandao usife bali uwe mzito? Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde hutaka nyuzi zote nane. Ya 100 hutosheka na nne. Kwenye swichi nyingi taa hubadilika rangi kasi ikishuka. Sikiliza pia kile "kwa!" cha ulimi wa plastiki unapochomeka. Ulimi ukivunjika, waya huonekana umeingia, kumbe umeegemea tu.

Je, wajua Tosamaganga, kwa Kihehe, husimuliwa kuwa maana yake ni kutupa mawe? Swichi nayo inaweza kurushiwa mawe. Mfanya usafi anaona ncha ya waya inaning'inia, kwa wema wake anaichomeka kwenye tundu lililo wazi. Kumbe ncha ya pili imo kwenye swichi hiyo hiyo! Ujumbe uliokusudiwa kompyuta zote huzunguka, hujizidisha, hurudi tena bila kutua. Taa zote humetameta kwa pamoja kama zina kichaa, na hakuna anayepata mtandao. Chomoa waya mmoja mmoja. Ukichomoa ule wenye kosa, taa hutulia papo hapo.

Je, wajua dawa ya kitanzi hicho ilibuniwa na mwanamke? Radia Perlman alibuni mwaka 1985 utaratibu wa kugundua njia za mzunguko na kufunga zilizozidi, ambao baadaye uliingia kwenye swichi, akautungia na shairi. Swichi nyingi za bei nafuu hazina utaratibu huo. Na hata penye utaratibu mambo huharibika: Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, ulilemewa kwa siku kadhaa kwa tatizo la aina hii, madaktari wakarudi kwenye karatasi. Kwa hiyo hata hospitali yenye kompyuta kila wodi isitupe fomu zake.

Je, wajua kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254, imeomba anwani na haikujibiwa? Jaribu kompyuta ya jirani. Nayo ikiwa hivyo, mtuhumiwa ni swichi, au ruta iliyo nyuma yake.

Je, wajua kuzima na kuwasha kunaweza kufuta kazi ya wiki nzima? Swichi inayopangiliwa hupoteza mabadiliko yote ambayo hayakuhifadhiwa. Muulize kwanza aliyeigusa mwisho. Kitufe cha kurejesha hali ya kiwandani ndicho cha mwisho kabisa kuguswa.

Je, wajua ukishaiwasha, swichi yenye utaratibu wa Perlman huweza kukaa sekunde 30 kwenye kila tundu ikisikiliza na kujifunza njia kabla ya kupitisha ujumbe wowote? Kwa baadhi ya swichi, taa hubaki rangi ya chungwa muda huo wote. Mwenye haraka huichomoa sekunde ya 20, akairudisha, akaichomoa tena, kisha akaapa kwamba imekufa. Kumbe ilikuwa inavuta pumzi iitike.