Tabaga ya Kibera, Kawa ya Pwani



Sisi wa pwani twaijua kawa, kifuniko cha ukindu kinachositiri chakula cha mgeni. Dada zetu Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi, wana kifuniko chao, nacho chaitwa tabaga. Husukwa kwa rangi, duara juu ya duara, kuanzia katikati hadi ukingoni. Sinia ya arusi hupendeza ikifunikwa nayo.

Wengi huitaja Kibera kwa mabati na msongamano. Wachache hujua kuwa jina hilo ni la Kinubi: kibra, yaani msitu. Wazee wao walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza. Walianza kukaa hapo mnamo 1904, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikawatengea rasmi zaidi ya ekari 4,000. Hati ya ardhi waliikabidhiwa 2017, nayo ni ya ekari 288.

Ardhi imepungua, je, mila? Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu katika kambi za askari, kingali chazungumzwa Makina na Kambi Muru. Arusini wanawake huvaa gurbaba na kucheza doluka. Lakini binti akiolewa akahamia Kawangware, mwendo usio mrefu kutoka Kibera, majirani zake wengi huwa Wakikuyu na Waluhya, na watoto wake hurudi kutoka shuleni na Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Ni nani atakayewafunza Kinubi ikiwa si yeye? Ni nani atakayewashika vidole waanze duara la kwanza la tabaga?

Hati huilinda ardhi. Lugha na ususi havina hati. Hukaa mikononi mwa mama na bibi, na huondoka nao.

Nasi tusijione tumesalimika. Ni kawa ngapi zilizotoweka majumbani mwetu, pakaja vifuniko vya plastiki?

Basi tukiwazuru jamaa zetu Nairobi, tupitie Kibera, tununue tabaga kwa msusi mwenyewe na tumsikilize. Na tukirudi nyumbani, tuketi mkekani na bibi, atufunze kusuka kawa angali hai. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana za wazee wetu. Amin.